Mkono wa Ravna, Presha ya Bibi

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga jikoni, tik-tik-tik, na Ravna akajua Bibi Ristin ameshaamka. Nje kulikuwa bado giza, na theluji ilikuwa imefika chini ya dirisha. Ravna, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alivaa soksi za sufu, akakimbia uani kuleta kuni, akarudi akihema.

"Umefunga mlango?" Bibi aliuliza.

"Nimefunga."

"Haya, kaa. Tumalize kazi ya wale wa mjini."

Mezani kulikuwa na kishikwambi kilichofunikwa kwa shali, na kando yake mashine ya kupimia presha. Vyote vililetwa na zahanati, kwa sababu hospitali iko mbali, mwendo wa saa tatu kwa gari barabara ikiwa wazi. Kila asubuhi Bibi alitakiwa kuvaa mkanda wa mashine mkononi, namba zijitume zenyewe kwa nesi Turid. Mara moja kwa wiki nesi huyo alitokea kwenye kioo cha kishikwambi, wakazungumza.

Lakini Turid aliharibu mambo tangu siku ya kwanza. Alitaka kujua kama nyumba ina kazi nyingi, akauliza, "Mwanao Mikkal ana kulungu wangapi?" Mikkal ndiye baba yake Ravna, na wakati huo alikuwa nyikani na kundi lake la kulungu wa theluji. Kwetu sisi wafugaji wa kulungu, mtu haulizi idadi ya mifugo ya mwenzake. Ni sawa na kumtia mkono mfukoni. Bibi alikifunika kioo palepale, nesi yumo ndani anaongea.

"Huyo si nesi, ni mpelelezi," alisema. "Leo kulungu. Kesho watasema presha iko juu. Keshokutwa wanipakie garini kama gunia. Si walimchukua jirani yetu Biret? Yuko nyumba ya wazee mjini, anatazama ukuta."

Ravna hakuweza kuifikiria nyumba yao bila bibi yake. Kwa hiyo Bibi aliposema, "Lete mkono wako, wewe una damu changa," aliuvaa mkanda yeye. Mashine ikavuta pumzi, vuuu, namba nzuri zikaenda. Wakacheka. Wakafanya hivyo kila asubuhi kwa wiki tatu.

Wiki ya nne Turid alitokea kwenye kioo akitabasamu. "Bibi Ristin, hongera! Presha yako ni nzuri sana. Daktari anasema tupunguze dawa. Meza nusu tu."

Bibi alishusha shali. "Umeona? Sasa wananinyima na dawa!"

Ravna hakucheka. Namba nzuri zile zilikuwa zake, si za Bibi.

Siku chache baadaye, kikombe kilimponyoka Bibi wakati wa kifungua kinywa. Kichwa kilikuwa kikimuuma sana, na damu ikaanza kumtoka puani.

"Ni baridi tu," alisema. "Usimwambie mtu."

Ravna alikitazama kishikwambi. Akisema, huenda wakamchukua Bibi. Akinyamaza, je? Alivuta shali, akabonyeza kitufe cha kumwita nesi.

"Ravna! Unaniuza?"

"Nisamehe, Bibi. Nataka uishi." Uso wa Turid ulipotokea, Ravna alisema kwa pumzi moja, "Nesi, namba zile ni zangu. Zote ni zangu, na Bibi anatoka damu."

Turid hakumgombeza. "Ahsante kwa kuniambia, mama. Ainame mbele kidogo, abane pua. Sasa mvalishe yeye mkanda."

Mashine ilionyesha mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi. Turid alimwita daktari, naye akamtaka Bibi ainue mikono yote miwili na kutabasamu, aone kama hajapata kiharusi.

"Mikono nainua," Bibi alisema. "Kutabasamu sina sababu."

Daktari aliridhika na maneno yale yaliyotoka bila kukwama. Alimwambia ameze dawa yake kamili, akabaki kwenye kioo akimwangalia, huku Turid akivaa koti ili aje mwenyewe.

Mchana Turid aliingia, nyusi zake zimeganda barafu. Bibi alimkazia macho. "Gari la kunipakia liko wapi?"

"Sina gari, Bibi. Nina pikipiki ya theluji na miguu iliyokufa ganzi."

Alivua viatu mlangoni. Alipoona sanduku la kuni ni tupu, alivivaa tena, akaenda kulijaza bila kuambiwa. Kisha akapima. Presha ilikuwa imeanza kushuka.

"Lile swali la kulungu lilikuwa kukosa adabu," alisema. "Nilikuja kuelezwa baadaye, nikaona haya. Na mashine hii tumekuletea ili utibiwe ukiwa hapahapa. Lakini jana nilizitazama tena namba zako, nikashangaa. Moyo wa bibi wa miaka sabini na sita unapigaje kama wa mtoto aliyetoka kukimbia?"

Ravna aliinama.

"Usimtazame mtoto," Bibi alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha." Akamvuta Ravna karibu. "Mjukuu wangu, niliogopa kutolewa nyumbani, nikaficha ugonjwa. Kumbe ugonjwa niliouficha ndio ungenitoa. Ukimshuku mtu, muulize usoni. Usimpe uongo, maana atakutibu kwa uongo huohuo."

Wakanywa mchuzi wa nyama, wote watatu. Turid alipofunga koti, Bibi alimfuata mlangoni na kifurushi cha nyama kavu.

"Kesho utanitazama kwenye kile kioo?"

"Kila asubuhi nitazisoma namba zako."

Bibi alifikiri kidogo, bado na shaka machoni. "Kioo hakinywi kahawa," alisema. "Njoo mwenyewe, Turid. Njoo tena kabla theluji haijayeyuka."