Tulasa Hakusahau Kitu

Tulasa Rizal alikuwa akikatakata kabichi ya kujaza kwenye momo, vile vinyunga vya Kinepali vinavyopikwa kwa mvuke. Mumewe, Khadga, alikaa mezani akiwa na kadi za maswali mkononi. Ndivyo zilivyokuwa jioni zao mjini Erie tangu Khadga apate uraia wa Marekani. Mume alikuwa amefaulu mtihani, mke ameshindwa mara mbili. Basi mume akajifanya mwalimu.

"Nani anatunga sheria za nchi?" Khadga aliuliza kwa Kiingereza.

Tulasa aliendelea kukata. Jibu alikuwa nalo, ila kwa Kinepali.

"Bunge, mama Suraj! Si nilikwambia jana?"

"Bunge lina mabaraza mawili," Tulasa alijibu kwa Kinepali bila kuinua macho. "Na jana ulisema seneta anakaa miaka minne. Anakaa sita."

Khadga aligeuza kadi, akasoma nyuma, akakohoa.

Shida ya Tulasa ilikuwa Kiingereza. Miaka ya ujana wake iliishia katika kambi ya wakimbizi huko Nepal, akiteka maji na kulea watoto. Huku Marekani alipata kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Mashine zilinguruma kutwa, hakuna aliyezungumza. Mara zote mbili za usaili, afisa alipomwambia aandike sentensi moja tu, alirudisha karatasi tupu.

Na uraia aliuhitaji. Dada yake, Monmaya, alibaki Nepal, na sasa alikuwa mgonjwa wa figo. Tulasa hakuthubutu kusafiri bila pasipoti ya Marekani. Aliogopa asije akafungiwa mlango wa kurudi kwa wanawe.

Khadga aliweka kadi chini. "Nimezungumza na mtu pale dukani. Anamjua daktari mmoja. Ataandika barua kwamba umepoteza kumbukumbu. Hutaulizwa chochote."

"Lakini sijapoteza."

"Siku ya usaili tu. Ukiulizwa jina la mwanao, useme hulijui."

Kisu kilisimama. "Nimkane Suraj?"

"Si kumkana. Kumsahau kidogo."

Tulasa hakula jioni ile. Asubuhi, ambayo ilikuwa Jumanne, alizifunga kadi zote kwa mpira. "Nipeleke maktaba nizirudishe," alimwambia mumewe. "Mtu aliyepoteza kumbukumbu, kadi za nini?"

Khadga alibaki garini. Tulasa aliingia peke yake, akaziweka kadi mbele ya Bi Loretta, mkutubi.

"Umemaliza kusoma?" Bi Loretta aliuliza polepole.

"Mimi... hapana," Tulasa alisema. Machozi yakamtoka.

Bi Loretta hakumhoji. Alizunguka meza, akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye meza ya dirishani. Hapo alikaa mwanamke mwenye rundo la fomu. Aliitwa Hemlata, na alimwamkia Tulasa kwa Kinepali. Tulasa akashusha pumzi.

"Bi Loretta anasema yeye si mwanasheria, hawezi kukushauri mambo ya sheria," Hemlata alieleza. "Anachoweza ni kukuleta kwa anayejua. Mimi nina kibali cha serikali cha kusaidia kesi za uhamiaji. Kila Jumanne niko hapa, na ni bure. Haya dada, kuna nini?"

Tulasa alimweleza yote, hata habari ya daktari.

"Usithubutu, dada!" Hemlata alisema. "Barua hiyo ni ya mgonjwa wa kweli. Ukimdanganya afisa, unaweza kunyimwa uraia, na uongo huo ukakuandama miaka. Una umri gani?"

"Kwa karatasi, hamsini na saba. Kambini walituandika wengi tarehe mosi Januari."

"Hata mimi!" Hemlata alicheka. "Nionyeshe kadi yako ya ukaazi."

Aliisoma tarehe, akahesabu kwa vidole. "Una kadi hii miaka kumi na sita. Sasa nisikilize. Mtu akipeleka ombi akiwa na miaka hamsini na mitano au zaidi, na ameishi na kadi hii miaka kumi na mitano au zaidi, hafanyi mtihani wa Kiingereza. Maswali ya historia na serikali anaulizwa kwa lugha yake."

"Kinepali?"

"Kinepali."

"Mbona zile mara mbili hawakuniambia?"

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na mitatu."

"Basi ulikuwa hujafika."

Hemlata alizichukua zile kadi za maswali kwa Bi Loretta, akauliza swali la kwanza. Tulasa alijibu kabla hajamaliza. La pili, la tatu, la kumi. Khadga, aliyechoka kungoja, aliingia na kumkuta mkewe akieleza kazi za mahakama ya juu kama anayesimulia habari za jirani.

Hemlata alimweleza Khadga sheria ile. Mzee alikaa, akajipangusa uso kwa viganja.

"Nisamehe, mama Suraj," alisema. "Niliogopa dada yako atakufa hujamwona."

"Hata mimi niliogopa," Tulasa alisema. "Lakini akili zangu niachie."

Kwa Jumanne mbili walijaza fomu pamoja. Hemlata hakuficha kitu. Hata ile mitihani miwili aliyoshindwa aliitaja. Alimwambia Tulasa aende na mkalimani wake, mtu mzima anayejua lugha zote mbili vizuri. Sarita, muuguzi wa mtaa wa pili, alikubali.

Baada ya miezi saba Tulasa aliitwa kwenye usaili. Afisa aliuliza, Sarita akafasiri, Tulasa akajibu. Hakukosea hata moja. Afisa alimpa mkono, akamwambia amefaulu.

Aliapa mwezi uliofuata. Pasipoti ilipofika, alimpigia Monmaya simu.

"Dada, nakuja."

Kilisikika kilio, na baada ya kilio, sauti ileile ya kuamrisha ya tangu utotoni.

"Basi uje kabla ya mvua. Barabara ya huku ikilowa, hata mbuzi hawapiti."

Tulasa alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, simu sikioni.