Kalinga Aingia Ulingoni

Harufu ndiyo iliyotangulia. Aroni alifungua kibanda chake cha gemu pale Uyole asubuhi ya ukungu, akakutana na marashi ya halwaridi mahali ambapo siku zote palinuka viazi, dizeli ya malori na soksi za wacheza gemu. Alisimama mlangoni akanusa tena. Mlango ule ulikuwa na kufuli, na funguo walikuwa nazo watu wawili tu, yeye na Brayson.

"Brayson kaleta mwanamke humu," alijisemea, na moyo ukatulia kidogo, maana shaka ikishapata mtu wa kumwangukia huwa haisumbui sana.

Aroni alikuwa mtu wa kushuku. Akinunua mkaa alimwaga gunia lote chini, akisalimiwa kwa uchangamfu alijiuliza anatafutwa nini. Na tabia hiyohiyo ndiyo iliyompa riziki. Alikuwa na chaneli mtandaoni ambako alijaribu magemu mapya kabla watu hawajapoteza bando lao, na watazamaji walimpenda kwa sababu hakuna tangazo lililowahi kumlaghai. Brayson, rafiki yake tangu sekondari, ndiye aliyerekodi na kukata video.

Safari hii walipata bahati. Wakala mmoja wa Dar es Salaam aliwatumia gemu jipya la mieleka kabla halijatoka rasmi, pamoja na nyongeza zake za kupakua kando: wanamieleka wa zamani waliokwisha staafu, vinyago, mavazi, na ulingo uliojengwa juu ya paa la ghorofa. Aroni alikaa nalo kutwa nzima akilichambua mubashara. Alisifu uzito wa miili, akasema mtu akibwagwa unasikia mbao za ulingo zikilia. Vinyago aliviponda, akawaambia watazamaji wasithubutu kuvipakua, maana ni matambara tu yaliyotiwa rangi.

Kisha akafika kwenye sehemu ya kuunda mwanamieleka wako mwenyewe kwa picha ya uso, na hapo akamkumbuka baba yake.

Mzee Kalinga wa Tosamaganga alipenda mieleka kuliko harusi. Alikuwa akikaa mbele ya runinga yake ndogo akipiga kelele, "Mbane huyo! Mbane!" mpaka shangazi Veneranda, dada yake, anatoka jikoni kumkemea. Alizikwa kipupwe kilichopita. Na kwa ukoo ule, mtu akifa jina lake hufungwa. Humwita marehemu, au mzee, na jina halitamkwi wala halipewi kitu chochote mpaka azaliwe mtoto katika nyumba na wazee wamkabidhi yeye. Mtoto aliyengojewa alikuwa tumboni mwa Evarista, mke wa Aroni, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Aroni aliyajua hayo yote. Lakini alikuwa kazini, tena alikuwa na hamu ya baba yake, hamu ile inayomvamia mtu bila taarifa. Alichukua picha iliyokuwa kwenye simu yake, aliyojipiga mwenyewe akiwa amemkumbatia mzee. Gemu likaunyonya uso wote, mpaka kovu la juu ya jicho. Akaandika: KALINGA. Na ili awaonyeshe watazamaji kwamba mwanamieleka uliyemuunda unaweza kuwagawia wengine wakampakua kama nyongeza, akabonyeza kitufe cha kugawa. Watu waliokuwa wamepewa gemu la majaribio kama yeye wakaanza kumpakua palepale.

Hiyo ilikuwa jana. Asubuhi ya leo kulikuwa na halwaridi.

Brayson alipofika, Aroni hakumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"We, jana ulilala humu na nani?"

"Na nani tena, kaka? Mi nimelala kwetu."

"Unanusa nini hapa?"

Brayson alinusa, uso ukambadilika. "Udi huu. Au marashi. Si wewe?"

Waliwasha mitambo kuendelea na kazi. Kwenye video za jana walikuta pambano ambalo Aroni hakulicheza. Ulikuwa ulingo mtupu bila watazamaji, na Mzee Kalinga peke yake akizunguka kamba polepole, akizigusa moja baada ya nyingine kama mpangaji anayekagua chumba.

"Umelirekodi saa ngapi hili?" Aroni aliuliza.

"Sijalirekodi mimi."

"Basi limejirekodi?"

"Mwanangu, nakuapia Mungu wangu."

Moyoni Aroni alikuwa amekwisha hukumu. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Huyu anataka chaneli.

Evarista alikuwa akishinda kwenye kona ya kibanda, akichambua maharage, kwa sababu nyumba yao iliyokuwa nyuma ilikuwa na baridi na humu mitambo ilitoa joto. Mchana ule aliacha kuchambua, akaweka mkono tumboni.

"Aroni, huyu mtoto anaruka kila ngoma ya kumwingiza yule mzee ulingoni ikipigwa."

"Ngoma zote zinafanana."

"Hazifanani. Akiingia mwingine analala. Akiingia huyo anaamka." Akashusha sauti. "Halafu huyo mtangazaji wenu, nani kamfundisha kulitamka jina la mzee?"

Aroni alishtuka, maana hilo hakuwa ameligundua. Mtangazaji wa ulingoni alikuwa Mzungu wa kwenye mashine, na majina asiyoyajua alikuwa akiyaruka. Walirudisha nyuma wakasikiliza. Ngoma ilipiga, taa zikazimika ulingoni, na sauti ikasema "Kalinga" kwa lafudhi ya Kihehe kabisa, taratibu, kwa sauti ya mtu anayelionja jina ulimini.

"Ni wewe!" Aroni alimgeukia Brayson. "Umeingiza sauti. Unamchezea marehemu baba yangu upate watazamaji!"

"Kaka, mi Msafwa, hicho Kihehe ningekitoa wapi?"

"Toka. Acha funguo hapo."

Brayson aliziweka funguo juu ya meza. Alipofika mlangoni aligeuka, akazungumza kwa kunong'ona, akimtazama Evarista badala ya Aroni. "Shemeji, hamia ile kona nyingine. Halafu uangalie macho ya huyo mzee."

Alipoondoka, Evarista alihama kona. Kwenye runinga Mzee Kalinga alikuwa amesimama katikati ya ulingo akingoja mpinzani, na macho yake, yaliyokuwa yameelekea upande wa maharage, yakasogea polepole mpaka yakafika alipokuwa amekaa sasa. Evarista akarudi alikotoka. Macho nayo yakarudi. Hayakumtazama usoni, yalitazama tumbo.

"Zima, Aroni," alisema kwa sauti ndogo. "Zima tafadhali."

Aroni akabonyeza padi, padi haikuitika, akabonyeza kitufe cha runinga, nacho hakikuitika, akainama chini ya meza kutafuta waya, na alipokuwa ameinama hivyo ndipo masikio yake yalipogundua kitu ambacho kilikuwa kimekosekana muda mrefu, ile mashine ya kusaga ya jirani ambayo kila siku hunguruma kutwa nzima, na sasa ilikuwa kimya, na taa ya juu ya kichwa chake ilikuwa imezimika, na nje watu walikuwa wakilalamika kwamba umeme umekatika tangu asubuhi, na bado mbele yake gemu lilikuwa likiendelea, ngoma ikipiga, harufu ya halwaridi ikizidi mpaka ikawa nzito kama moshi wa kuni mbichi, na waya alioushika mkononi ulikuwa wa baridi, haukuwa umechomekwa popote.

Evarista alipiga yowe. Tumbo lilikuwa limekakamaa kama jiwe. Aroni alimbeba akatoka naye kwenye ukungu, na walipofika barabarani, kwenye kelele za malori, tumbo likalegea.

Alimkalisha kwenye benchi la muuza chipsi, akafungua simu ili amfute yule mwanamieleka kwa mbali. Alimfuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, watu walikuwa wamekwisha mpakua kila mahali, na chini ya video yake maoni yalikuwa yakiingia.

Mtu wa Kahama aliandika: *Aroni, huyu mzee wako mbona anaongea? Kaniuliza mtoto anazaliwa lini.*

Mwingine wa Songea: *Mimi pia. Anauliza mama analala upande gani.*

Mwingine, ambaye Aroni hakumjua kabisa: *Anasema mwambieni Evarista asichelewe.*

Hapo Aroni alilia. Mtu mzima, mbele ya muuza chipsi, alilia kwa hofu na aibu, kwa sababu jina la mke wake hakuwahi kulitaja kwenye chaneli hata siku moja.

Kesho yake walipanda basi la kwenda Iringa, na kabla jua halijazama walikuwa Tosamaganga, kwa shangazi Veneranda. Alikuwa mwanamke wa misa ya kila asubuhi, rozari mfukoni, lakini mambo ya ukoo yalikuwa mikononi mwake, na hakuona ugomvi kati ya hayo mawili.

"Kamwene, mwanangu. Kamwene, mama." Aliwasalimu hivyo kwa Kihehe, akawatazama vizuri. "Mmeleta nini nyumbani kwangu?"

Aroni alieleza yote bila kujitetea. Shangazi akaomba aonyeshwe huyo mtu. Aliishika simu mbali na uso, kama wafanyavyo wazee, akaangalia mpaka mwisho.

"Huyu siyo kaka yangu."

"Shangazi, ni uso wake kabisa. Hata kovu."

"Kovu la kaka yangu lilikuwa juu ya jicho la kulia. Nalijua, maana jiwe nilirusha mimi, tukichunga mbuzi. Huyu kovu lake liko kushoto."

Aroni aliichukua simu, akaitazama ile picha ya kukumbatiana. Alikuwa amejipiga kwa kamera ya mbele, nayo ilikuwa imegeuza kila kitu kama kioo. Tangu msiba aliitazama picha ile kila siku, mpaka uso wa kwenye simu ukaufukuza uso wa kweli kichwani mwake. Hilo lilimuuma kuliko hofu.

"Huyo kamsoma baba yako kwenye picha tu," shangazi alisema. "Hakumjua. Wewe umelitoa jina nje halina mwenyewe, umeliacha barabarani. Kapita mpita njia, jini la watu, kalivaa. Sasa anatafuta mwili wa kwenda nalo."

"Tufanyeje?"

"Tumpe mtoto jina lake kabla hajazaliwa. Jina likishaitikiwa na mwenyewe, mwizi anabaki uchi. Anaondoka."

Asubuhi walikwenda kaburini chini ya manyunyu, wao watatu tu. Shangazi alibeba kata ya ulanzi, pombe ya mianzi, na unga wa ulezi. Aliwaagiza: yeye ataliita jina, Evarista atamwitikia mtoto wake kwa kusema "Nipo," na wote wainamishe vichwa, maana wakati wa kukabidhi jina hakuna anayemtazama mwenzake. Akasali Baba Yetu. Akamwaga unga, akazungumza na kaka yake Kihehe kwa muda mrefu, akimwomba radhi kwa ujinga wa kijana wake. Kisha akaita.

"Kalinga!"

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye majani ya migomba. Aroni alikuwa ametazama viatu vyake.

"Nipo," sauti ikajibu, ndogo, ya karibu.

Shangazi akamimina ulanzi, akapiga kigelegele. Evarista alikuwa akitetemeka, Aroni akamfunika koti, na hakuna aliyesema neno mpaka nyumbani.

Mchana Brayson alipiga simu. Alikuwa amekasirika bado, lakini habari ilimshinda kuificha. "Kaka, yule mzee hayupo. Watu wote wanasema kafutika kwenye mashine zao. Umefanyaje?"

Aroni alimwomba msamaha, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kuweka "lakini" mwishoni. Aliporudi Uyole kibanda kilikuwa kikinuka soksi, naye akavuta pumzi kwa furaha. Gemu lilipotoka rasmi alilipa sifa zake, akawashauri watu wawapakue wanamieleka wa zamani na kuachana na vinyago. Kuhusu kuunda mwanamieleka wako hakusema chochote.

Evarista alibaki Tosamaganga akajifungulia huko, mtoto wa kiume, bila tabu yoyote. Aroni alifika akihema, akakuta wanawake wa ukoo wamejaa chumbani kwa shangazi wakishangilia.

"Njoo umwone baba yako!" mmoja alimwambia. "Kaja na alama yake kabisa! Juu ya jicho, palepale!"

Shangazi Veneranda alikuwa kanisani kutoa shukrani. Alipoingia walimpisha, akavaa miwani, akampokea mtoto huku akitabasamu. Alimtazama. Tabasamu likabaki usoni kidogo, kisha likaondoka. Aliwaomba wanawake watoke, wote, na akangoja mpaka mlango ufungwe.

"Evarista, mama. Siku ile kaburini nilipoita, ni wewe uliyeitika?"

Evarista alimtazama mumewe. "Mi nilikuwa ndo nafungua mdomo. Nikasikia kumejibiwa. Nikadhani Aroni kanisaidia."

Aroni alitikisa kichwa. Tangu siku ile alikuwa ameiamini sauti ile kuwa ya mke wake, yeye asiyeamini hata gunia la mkaa.

Akamsogelea mtoto na kuinama juu yake. Alinyoosha kidole, akagusa jicho lake mwenyewe la kulia, kisha la kushoto, kama mtu asiyetaka kukosea, halafu akautazama tena ule uso mdogo. Mtoto alikuwa macho, ametulia, akimtazama shangazi. Kovu lilikuwa juu ya jicho la kushoto, na utosi wake ulinuka halwaridi.