Mwendo wa Mshonaji

Sogeeni karibu. Wewe uliye kizingitini ingia ndani, na anayetafuna amalize kwanza. Nataka kimya leo, maana hadithi hii ina sauti ya mguu ndani yake, na asiyenyamaza hataisikia.

Tulizaliwa watatu, wanawake tu. Wa kwanza ndiye aliyekuwa mshonaji. Wa kati alifariki akaacha binti wa miaka minne. Wa mwisho ni mimi. Yule binti alilelewa na dada mshonaji, akamwita Mama Mkubwa, na baadaye Mama tu. Sisi tulimwita Kidole, kwa sababu tangu utoto vidole vyake havikujua kukaa. Ukimpa unga anafinyanga mtu. Ukimpa waya anakunja mtu. Yeye ndiye aliyenisimulia haya, nusu akilia, nusu akinitazama mikono.

Dada mguu wake wa kushoto uligongwa na gari angali msichana, ukaungwa vibaya. Alitembea na fimbo yenye raba chini. Ukiwa chumba cha pili ulimjua: ko, fimbo. Pa, mguu mzima. Shii, mguu mbovu ukiburutwa. Ko, pa, shii. Lakini ule wa kulia, jamani, ulikuwa mguu. Ndio uliokanyaga pedeli ya cherehani miaka thelathini. Ndio uliomsomesha Kidole.

Kidole alipokua akapata kazi ya katuni, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi. Mimi sikusoma, lakini alinieleza nikaelewa. Ndani ya kompyuta kuna kikaragosi, na ndani ya kikaragosi kuna mifupa. Ukivuta kiganja, kiwiko kinafuata. Ukivuta nyonga, mwili wote unakuja. Unaweka pozi la kwanza, unaweka pozi la mwisho, halafu programu yenyewe inajaza katikati, kama mshonaji anavyopiga bandi hapa na pale kisha mashine ikapita. Unaweza hata kuchukua pozi zima ukaligeuza, kushoto kukawa kulia, kwa kubonyeza mara moja. Hapo alikuwa akiisifia mpaka anasahau chai.

Ila ilikuwa na visa vyake. Goti lilikunjika kinyumenyume. Kiwiko kilizama tumboni. Na nyayo ziliteleza. Kikaragosi kinatembea lakini miguu haishiki sakafu, kama kimemwagiwa mafuta njiani. Zaidi ya yote, iliganda bila taarifa na kumeza kazi ya siku nzima. Kwa hiyo mafundi wake wote wana ugonjwa mmoja: vidole viwili vya mkono wa kushoto vinabonyeza kuhifadhi vyenyewe, kila dakika, hata mwenyewe hajui. Kidole alikuwa akifanya hivyo mezani kwangu, juu ya kitambaa, akisubiri chakula.

Sasa, walikuwa wakitengeneza katuni ya watoto yenye bibi mchawi anayeiba midoli. Mkubwa wao wa kazi, waliyemwita Miwani, alisimama nyuma ya kiti cha Kidole akatazama.

"Kidole, mchawi wako anatembea kama kabati linalosukumwa."

"Programu inatelezesha nyayo, bosi."

"Programu haina bibi. Wewe nyumbani huna mtu mzima wa kumtazama?"

Ilikuwa Jumatatu. Kazi ilitakiwa Ijumaa, la sivyo inapewa ofisi nyingine. Jioni ile Kidole akamwendea dada, akiwa anatia uzi kwenye sindano.

"Mama, naomba nikurekodi ukitembea. Toka mlangoni hadi kwenye cherehani tu."

"Ya nini?"

"Ya kazini. Kuna bibi ninamtengeneza."

"Bibi gani?"

"Bibi tu."

Dada hakuinua macho. "Uso nilipewa na baba, mikono nikapewa na mama. Hivyo chukua, si jasho langu. Lakini mwendo huu nimeutengeneza mwenyewe. Miaka mitatu nikishika ukuta huu hapa. Huo niachie."

"Sawa, Mama."

Kesho yake asubuhi Kidole aliegemeza simu yake kwenye kopo la vifungo, jicho la kamera likitazama mlangoni. Akajifanya anatafuta viatu. Dada akapita. Ko, pa, shii.

Siku mbili alikaa akivunja ule mwendo vipande vipande. Nyonga hapa, goti pale, kifundo, kisigino. Na kweli, kwa mara ya kwanza nyayo zilishika sakafu. Mchawi akatembea akawa mtu. Akawa mtu mno. Kidole alipomtazama akiburuta mguu wa kushoto, aliona aibu, maana hakuna mtu wa mtaa wetu ambaye asingemjua. Basi akafanya kile wanachofanya wao peke yao. Akaugeuza. Kushoto kukawa kulia. Mguu mbovu sasa ukawa ule wa pili, na Kidole akajiambia: si yeye tena. Vidole viwili vikahifadhi.

Miwani alicheka mpaka akavua miwani.

Katuni ilitoka Jumamosi asubuhi. Nilikuwa kwa dada, na televisheni yake ilikuwa imezimwa, ila ya jirani ilikuwa imewashwa, na ukuta wenyewe mwembamba. Tulisikia watoto wakicheka. Dada alikuwa anashona shuka, pedeli inakwenda. Watoto wakacheka tena, kwa nguvu. Cherehani ikasimama. Sindano imekwama katikati ya mshono.

"Kidole," dada akaita polepole. "Mguu umelala."

"Upi, Mama?"

"Huu mzima."

Daktari aligonga goti kwa kinyundo. Akapiga picha, akaiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Mama, mguu huu hauna kitu." Naye dada alikuwa akiutazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekaa kwenye kitanda chake.

Wiki ile tulimtoa nje kila siku apate jua. Watoto wa mtaa walikuwa wakicheza mchezo mpya. Mmoja anashika kijiti, anakunja mgongo, anaburuta mguu, wengine wanamkimbia wakipiga kelele za furaha. Kidole alitaka kuwafukuza. Dada akamshika gauni.

"Waache. Wananiiga mimi hao. Lakini wamekosea mguu."

Akapapasa paja lake la kulia.

"Au hawajakosea?"

Kidole aliniambia baadaye kwamba neno lilifika mdomoni, likageuka likarudi. Nami nilikuwepo. Nilimwona akibonyeza vidole viwili hewani.

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, wenzake waliposhuka, alibaki. Jua limejaa dirishani. Harufu ya rangi inapanda toka chini. Akafungua lile faili la mchawi. Kikaragosi kilikuwa kimesimama mikono imenyooshwa pembeni, kama nguo iliyoanikwa. Akachagua ule mwendo wote. Akaugeuza, kulia kukarudi kushoto.

Kikatembea. Kilitembea vizuri, mwendo wa dada hasa, mguu wa kushoto ukiburutwa kama zamani. Hatua moja. Mbili. Tatu.

Kisha kikasimama.

Hakuwa ameweka kusimama. Aliweka pozi la mwanzo na pozi la mwisho tu.

Kikaragosi kikageuza kichwa. Hakikuwa na mifupa ya macho, hakuwahi kuiweka. Kikamtazama. Kikajipiga paja la kulia mara mbili, kwa kiganja, pa pa. Ndivyo dada alivyokuwa akijipiga kila alipoanza kushona. Simu haikuwahi kurekodi hilo. Kisha kikaketi. Hapakuwa na kiti. Kikaketi hewani, mguu wa kulia ukashuka mbele, ukaanza kukanyaga.

Simu ikalia.

Kidole akaruka kitini. Alipoipokea aliisikia sauti yangu. Nilikuwa nanong'ona, sijui kwa nini nilinong'ona.

"Kidole, dada amesimama. Ametembea, mwanangu, mguu wa kulia umeamka. Ameenda mwenyewe kwenye cherehani, amekaa anashona. Ila kuna jambo amesema, mimi sijalielewa."

"Amesemaje, Mama Mdogo?"

"Anasema nikupigie haraka. Nikwambie usiguse kitu."

Kidole akautazama mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa juu ya vitufe. Viliposhtushwa na mlio wa simu vilikwishafanya kazi yao, vimehifadhi.

Akajaribu kurudisha nyuma. Programu ikaganda. Alipoizima na kuiwasha tena, hatua zote zilikuwa zimefutika. Kilibaki kikaragosi kilichoketi hewani, kinakanyaga, kinakanyaga, kikifika mwisho kinaanza upya.

Alipofika nyumbani nilikuwa nimesimama ukutani. Dada yuko kwenye cherehani. Shuka limekwisha, limeanguka sakafuni. Mguu unakanyaga.

"Mama, pumzika."

"Hausimami," dada akasema.

Tukatoa mkanda wa cherehani. Mguu ukakanyaga. Tukambeba, tukamlaza kitandani, mguu ukakanyaga hewa. Nililala juu ya goti lake kwa uzito wangu wote, na enzi hizo nilikuwa na uzito. Ulininyanyua. Ulininyanyua na kunishusha kama kitambaa, kwa kipimo kile kile. Mwili wote umekakamaa kama wa mtu aliyeketi, haunyooki. Daktari akaja, akachoma sindano, akaondoka bila kuaga.

Siku nane. Alikula mguu ukienda. Alilala mguu ukienda. Kisigino kilitoboa shuka, tukaweka lingine, kikatoboa. Kidole alikuwa akienda ofisini kila mchana, anafungua faili, anatazama, anafunga. Alitaka kulifuta. Mkono ulifika, ukarudi. Aliniuliza swali moja tu, jikoni, mgongo amenipa: "Mama Mdogo, nikikifuta, kitakachofutika ni nini?" Mimi nikadhani amechanganyikiwa kwa uchovu. Sikujua kitu bado.

Siku ya tisa dada akamwita. Mimi nilikuwa nakunja nguo pembeni. Alikuwa amekonda, amebaki macho na mguu.

"Mwanangu, una neno la kuniambia?"

Chumbani ulisikika mguu tu ukisugua shuka. Dada alingoja. Alimngoja sana, nami naapa uso wake haukuwa na hasira hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshika mlango wazi ili mwingine apite.

"Sina, Mama," Kidole akasema.

Dada akafumba macho.

"Haya. Basi nenda kazime, mwanangu. Nimechoka."

Akaenda. Alitembea njia nzima kwa miguu, ili achelewe. Akafungua faili. Kikaragosi kinakanyaga. Akapiga magoti mbele ya kioo cha kompyuta, mchana kweupe, Miwani na wenzake wakimtazama wasijue waseme nini. Akasema, "Nisamehe, Mama. Niliuiba. Niliugeuza ili nisionekane mimi." Yote aliyasema, hakubakisha. Lakini alikiambia kikaragosi. Mwenye mguu hakumwambia.

Akafuta.

Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa dada. Mguu ulikuwa juu, katikati ya kukanyaga. Haukushuka. Ulibaki hapo hapo, na dada naye akabaki hapo hapo.

Tulimzika goti likiwa limekunjwa.

Nyumba aliirithi Kidole, anaishi humo hadi leo, haolewi, hachori. Alirithi na kopo la vifungo, kalifunika kwa kitambaa kama unavyofunika kioo msibani. Cherehani alipewa mke wa mwanangu, inashona vizuri, haina tatizo. Miwani alibaki na mchawi wake, lakini mwendo haukupatikana tena, anatembea kama kabati. Watoto wa mtaa walirithi ule mchezo. Wale wa kwanza wamekua wana watoto wao, na hao nao wanaburuta mguu wa kulia, na ukiwauliza wamejifunza wapi hawajui.

Mimi nilipewa fimbo. Ndiyo ile nyuma ya mlango. Sijawahi kuitumia, miguu yangu, namshukuru Mungu, bado mizima yote miwili. Raba ya chini niliibadilisha nilipoipata, kwa sababu ilikuwa imechakaa. Nikabadilisha tena baada ya miaka michache. Hii iliyopo sasa ni ya sita, nimeiweka mwezi uliopita.

Ilete hapa, wewe uliye karibu. Igeuzeni. Tazameni ilivyolika.