Pwani Aliyoahidi Isidori

Mnada wa Katesh ulikuwa umefurika. Mbuzi walilia, wauza mitumba walipayuka, moshi wa nyama choma uliwafuata watu machoni. Ludovika, kitenge chake cha kijani kikiwa kimemkaa vizuri kuliko alivyojua mwenyewe, alikuwa ananusa chupa ya asali aliposikia kengele ya baiskeli nyuma yake. Kengele ile aliijua.

"Hiyo wamechanganya na sukari," sauti ilisema. "Wamekuona mgeni."

"Mimi si mgeni hapa."

"Mwaka mzima hujaonekana, unataka uitwe nani?"

Alikuwa Isidori Hhando, na sweta lake lile lile la bluu lililochakaa viwikoni. Jamani, mtu aliyekuumiza angalau angezeeka kidogo! Lakini wapi, alikuwa vile vile.

Ludovika ni muuguzi, mzaliwa wa Lindi. Serikali ilipompeleka Hanang alilia wiki nzima kwa baridi, mpaka Isidori, mkulima wa Hirbadaw, alipomfanya aizoee na kuipenda. Walipendana hadi watu wakaanza kuulizia tarehe ya harusi. Kisha mchana mmoja wa jua kali aliendesha baiskeli hadi nyumbani kwa kina Isidori, koo limemkauka. Isidori alitoka akasimama mbali, hakumpa hata mkono. Ludovika aliomba maji. "Hapa hakuna maji yako," Isidori alimjibu. "Rudi, Vika." Akarudi akilia njia nzima. Alimfungia namba ya simu, akaomba uhamisho, akaenda zake kwao. Safari hii alikuja kuchukua sanduku lake tu kwa muuguzi mwenzake, Efrazia.

"Nasikia unaolewa," Isidori alisema.

"Umesikia vizuri. Na mwalimu mmoja wa kwetu, Renatus. Tumeshatangazwa kanisani mara mbili."

"Hongera. Basi nipe kesho tu. Niliahidi kukuonyesha pwani ya huku. Nisiwe mwongo kwa kila kitu."

Ludovika alitaka kukataa, lakini mdomo ulimsaliti. "Saa ngapi?"

Asubuhi aliazima baiskeli ya Efrazia, akavaa suruali ya michezo na juu yake sketi ya kitenge, kichwani skafu nyekundu. Ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima Hanang hadi kiunoni. Waliteremka kwa vijia vya katikati ya mashamba ya mahindi na mbaazi, kinamama wakisimama na majembe kuwatazama.

"Shikamooni!" Ludovika aliwapungia.

"Marahaba, nesi wetu! Umerudi?"

Ludovika akakazana kukanyaga pedali.

"Unaendesha kama mbayuwayu!" Isidori alimtania kwa nyuma. "Breki unazo?"

"Ninazo. Wewe ndiye huna pumzi, mzee!"

Walicheka, na kicheko hicho kilimuuma Ludovika kuliko matusi. Renatus alikuwa mwema, lakini hakuwahi kumchekesha hivyo.

Karibu na adhuhuri ziwa Balangida likatokea mbele yao, jeupe, pana, ukingoni limeganda chumvi. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, walikuwa wamesimama majini kwa mamia. Kina mama wa Kibarbaig walikuwa wanakwangua chumvi na kuijaza kwenye mifuko. Waliendesha ufukweni, magurudumu yakivunja gamba la chumvi, upepo ukiwapiga usoni. Ludovika alilamba midomo yake. Ilikuwa na ladha ya nyumbani.

"Haina minazi wala samaki wa kukaanga," Isidori alisema, "lakini ni pwani."

Ludovika alishuka kwenye baiskeli. Machozi yalikuwa yameshamfika machoni. "Isidori, siku ile ulininyima maji. Nilikukosea nini?"

Isidori alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Vika, kulikuwa na tawi langoni."

"Tawi gani? Lile bichi? Nililisogeza kwa gurudumu, nikapita."

Isidori aliketi chini palepale kwenye chumvi. "Mtoto wa kwanza wa kaka yangu Vitalis alikuwa amefariki. Bibi akaweka tawi. Nyumba ikishatengwa hivyo kwa msiba, hatuingii kwa watu, na mgeni hali wala hanywi kwetu mpaka tusafishwe, asije akaondoka na kifo chetu. Na wewe ulikuwa unazalisha akina mama! Mimi siamini sana mambo hayo. Lakini kama mtoto angekufia mkononi wiki ile, baada ya maji yetu, ungekuja kulala usingizi tena?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani unajua. Hapa hata mtoto mdogo analijua lile tawi. Tulipomaliza nikakupigia. Ulikuwa umenifungia."

Ludovika alilia kwa sauti, bila kuficha uso. Kumbe alikuwa amelindwa, naye akakimbia.

"Baki," Isidori alisema, akamshika mkono. "Nitakwenda mwenyewe Lindi kuwaangukia wazazi wako. Baki, mpenzi wangu."

Ludovika aliutazama mkono ule. "Nilifika kwetu nimekonda, silali. Renatus alikuja kila jioni na hakuniuliza chochote. Nikimwacha sasa, yeye atakuwa amenikosea nini? Neno nimeshatoa, Isidori. Maji yaliyomwagika hayazoleki."

"Unampenda?"

"Usiniulize hilo."

Walipanda baiskeli kurudi. Jua lilipokuwa linazama, kwenye njia panda ya Katesh na Hirbadaw, Isidori alifungua chupa yake ya maji akampa. Ludovika alikunywa yote, taratibu, macho yake kwa Isidori.

"Nifungulie namba," Isidori alisema. "Kesho ukiwa kwenye basi nitakupigia, mpaka uupite mlima tu. Ukiacha kuuona Hanang uniambie, nikate, nisikusumbue tena maisha."

Kesho yake simu iliita basi lilipotoka tu stendi.

"Unauona?"

"Nauona."

Wakaziacha simu masikioni, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake.

"Bado?"

"Bado nauona," Ludovika alisema.

Abiria wa jirani, mama wa makamo, aligeuka akatazama dirishani, kisha akamtazama yeye, akampa leso. Nje kulikuwa na tambarare na vumbi tu.

"Bado, Isidori. Bado nauona."