Majani Makavu Aliyoyafagia Kifagio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifagio alifagia uwanja. Jina hilo alipewa na jirani yao, fundi seremala, kwa sababu msichana huyo hakuweza kuona jani chini akaliacha. Shangazi aliyemlea alilipenda jina hilo, naye akaanza kulitumia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ya nyanya na biringanya. Mboga walizokula na walizouza zilitoka hapo. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, na Shangazi aliteleza kisimani akavunjika mguu. Akawa amelala ndani na plasta yake, bustani ikabaki mikononi mwa Kifagio.

Kifagio alikuta matuta yamefunikwa majani makavu. Machoni pake ulikuwa uchafu mtupu. Akayafagia yote, akayachoma, udongo ukabaki safi kama sakafu. Kisha kila alipotoka shule, jua likiwa bado kali, aliinyunyizia mimea maji mpaka ikang'aa.

"Bustani haijambo?" Shangazi aliuliza jioni.

"Haijambo, Shangazi."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini ukame ulipozidi, minyanya ilinyauka, maua yakapukutika na udongo ukapasuka. Kifagio alizidi kunyunyiza, na jibu lake likabaki lilelile.

Siku moja fundi seremala alichungulia juu ya ua. "Kifagio, hapo umefagia mpaka mboga. Shangazi yako anajua?"

"Bado. Ataumia moyo."

"Akiikuta imekauka ndiyo hataumia?"

Shangazi alipouliza tena jioni hiyo, Kifagio alisema, "Inakufa, Shangazi. Nimekuwa nikikudanganya. Na yale majani makavu niliyachoma."

Shangazi hakumgombeza. Aliomba fimbo, akachechemea hadi bustanini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Chimba kwa kidole."

Juu udongo ulikuwa na unyevu. Chini kidogo tu ulikuwa mkavu kama unga.

"Maji yako yanaishia hapo juu, jua linayamaliza," Shangazi alisema. "Mizizi nayo inayafuata hukohuko juu kwenye joto. Mwagilia shinani, asubuhi na mapema, taratibu mpaka yazame. Kisha ngoja; udongo wa chini ukianza kukauka, mwagilia tena. Na yale majani yalikuwa matandazo, yanaukinga udongo usichomwe na jua."

"Nitapata wapi mengine? Mbuzi wamemaliza nyasi zote."

"Maranda hayaliwi na mbuzi," sauti ilisikika ng'ambo ya ua. Fundi alileta gunia zima la maganda membamba ya mbao kutoka karakana yake. "Ila usiyafagie, mwanangu, nakuomba."

Shangazi alicheka mpaka akaushika mguu wake.

Kesho yake Kifagio aling'oa magugu, ambayo Shangazi aliyaita wageni wanaokunywa bila kualikwa. Akamwagilia mashina, akatandaza maranda bila kuyagusisha na shina. Mimea michache ilikuwa imeshakufa. Mingine ilinyanyuka polepole, ikatoa majani mapya, kisha maua.

Nyanya za kwanza zilipoiva, Kifagio alimpelekea fundi zile kubwa kabisa.

"Asante, Fundi. Bila wewe tusingekuwa na hizi."

"Mimi nimetoa takataka zangu tu," fundi alisema, akiifuta moja kwa kiganja na kuing'ata papo hapo.

Nyumbani Kifagio alimkuta Shangazi jikoni, anakatakata biringanya, mguu haujambo.

"Na mimi nakushukuru, Kifagio."

"Mimi, Shangazi? Si ndimi niliyeharibu?"

"Uliharibu kwa kutojua, na hilo linafundishika. Uongo ndio uliotaka kutunyima chakula, maana nisingeweza kutibu nisichokijua. Ulisema kweli wakati mizizi bado ina uhai. Siku nyingine ukikwama, niambie mapema zaidi. Haya, lete sufuria."