Machozi ya Dada Kwenye Runinga

Akitoka shuleni, Kitindamimba hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia saluni ya Mama Mdogo, akavua sare na kuvaa gauni la kazi, akafagia nywele zilizoanguka chini ya viti, kisha akaloweka vitana kwenye beseni la maji ya sabuni. Jina hilo alipewa na marehemu mama yake kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, nalo likamganda hata shuleni. Tangu mama afariki, saluni ndiyo iliyokuwa nyumba yao ya mchana. Mama Mdogo alisuka kwenye kiti cha mbele, Dada kwenye kiti cha nyuma, na runinga ilikaa juu ya kabati la mafuta ikisema peke yake.

Siku hizi haikusema peke yake tena. Kulikuwa na kipindi cha wachumba. Vijana na wasichana waliwekwa kwenye nyumba moja kubwa, kamera zikiwafuata kutoka jikoni hadi uani, ili kila mmoja amtafute wa kumpenda. Mmoja wa wasichana hao alikuwa Dada. Kipindi kilianza kurekodiwa zamani, mama akiwa bado hai, kikaja kuoneshwa sasa. Kwa hiyo wateja walimwona Dada mara mbili: juu ya kabati akicheka na kijana aliyeitwa Fundi Simu kwa sababu ya kazi yake, na hapa chini akigawanya nywele zao kwa ncha ya kitana.

"Hebu tuambie leo," alisema Mama Redio, muuza mitumba wa jirani ambaye hakukosa hata siku moja. "Mnapendana kweli au mnatuchezea akili?"

"Nilitia saini, mama yangu," Dada alijibu. "Mpaka kipindi kiishe, mdomo huu ni wa kulia chakula tu."

Nesi wa zahanati, aliyekuwa akisukwa, alicheka. "Wanapangiwa wale. Yule kijana anavyomshika mkono, utadhani amekamata mgonjwa anayetoroka wodini. Hata mimi nikiwekewa kamera jikoni nitampenda mume wangu."

Saluni nzima ilicheka. Dada naye alicheka kidogo. Kitindamimba hakucheka. Alisugua vitana mpaka vidole vikakunjamana kwa maji.

Kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni, ambalo hakumwambia mtu. Siku ya mazishi ya mama, Dada hakulia. Alikuja kutoka huko kwenye kamera, akapokea wageni, akapanga viti, akagawa chai, macho makavu. Kitindamimba alimshika gauni tangu asubuhi, akamtazama usoni, asione hata chozi moja. Akiwa karibu na pipa la maji alimsikia shangazi mmoja akinong'ona, "Huyu amezoea kamera. Pasipo kamera hana machozi." Maneno hayo yaliingia yakakaa.

Shuleni, binti wa muuza mitumba aliitwa Redio, kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, mchana darasa zima linayo. Siku moja walikuwa bombani wakisubiri zamu ya kunywa maji.

"Dada yako anaigiza," Redio alisema. "Mama anasema mapenzi yale ni ya kulipwa."

"Haigizi."

"Basi mbona huyo Fundi Simu hatumwoni kwenu? Au naye anaonekana kwenye runinga tu, kama matangazo ya sabuni?"

Wenzao waliangua kicheko. Kitindamimba alihisi masikio yakiwaka. Kama Dada alikuwa mwigizaji kwenye mapenzi, basi yule shangazi wa kwenye pipa la maji alisema kweli, na Dada hakumpenda mama. Hilo hakuweza kulibeba.

"Anakuja kila Jumapili," alisema. "Tena walivishana pete hata kabla ya kwenda kwenye kipindi. Wanapendana siku nyingi."

"Kabla?" Redio alimkazia macho.

"Kabla," alisema Kitindamimba. Aliona kwamba mapenzi ya siku nyingi yangeonekana ya kweli zaidi.

Habari hiyo haikulala njiani. Redio alimpa mama yake, mama yake akaitia kwenye kundi la simu la mashabiki wa kipindi, na Jumamosi mchana saluni ilijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Waliokuja kusukwa walikuwa wachache.

"Tuoneshe pete basi," Mama Redio alimwambia Dada.

"Pete gani?"

"Usijifanye hujui. Mlikuwa wachumba tangu zamani, mkaenda kule kutuigizia kwamba ndiyo kwanza mnajuana. Na mimi nilivyokuwa nakushangilia."

Dada alimtazama Mama Mdogo, na Mama Mdogo akainua mabega. Hakuna aliyemtazama Kitindamimba, aliyekuwa ameshika ufagio bila kufagia.

Kipindi kikaanza. Mara akaoneshwa Dada amekaa kando ya dirisha, analia. Hakulia kama watu wa kwenye runinga, wanaofuta jicho kwa ncha ya kidole. Alilia mdomo wazi, mabega yakiruka. Muziki wa huzuni ulipigwa, na sauti ya mtangazaji ikaeleza kwamba msichana huyo amemwona Fundi Simu akitembea bustanini na mwingine.

"Haya, tazameni," alisema mwanamke mmoja mlangoni. "Anamlilia mtu aliyekwisha kumvisha pete."

"Machozi ya kitunguu hayo," alisema Mama Redio.

"Apewe tuzo," alisema nesi, na watu wakacheka kwa sauti.

Mikono ya Dada ilisimama kichwani mwa mteja. Aliweka kitana chini taratibu, akaingia nyuma ya pazia walikokuwa wakichemshia maji.

Kitindamimba alikuwa bado anatazama runinga. Kamera ilimwonesha Dada upande wa kushoto, nywele zimesukwa vizuri, rasta nyembamba zimelala. Lakini kioo cha dirisha kilionesha upande wa pili. Huko nywele zilikuwa zimesimama ovyo, hazijasukwa kabisa.

Kichwa hicho alikifahamu. Ndicho alichokuja nacho Dada msibani chini ya kitambaa, nusu kimesukwa na nusu hakijasukwa. Mama Mdogo alimkalisha mkekani, akammalizia nusu iliyobaki kabla ya kwenda makaburini.

Ufagio ulimtoka mkononi.

"Hakuna pete," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Hakuna pete. Nilidanganya. Fundi Simu hajawahi kuja kwetu. Na hapo Dada hamlilii yeye. Anamlilia mama."

Mama Mdogo alipunguza sauti ya runinga. "Unasema nini, mwanangu?"

"Tazama kioo cha dirisha."

Picha ilikuwa imeshapita, lakini Mama Redio tayari alikuwa nayo kwenye simu, imetumwa kundini ili watu wacheke. Aliirudisha nyuma. Mama Mdogo akainamia simu ile kwa muda, kisha akajifuta uso kwa taulo la begani.

"Nilikimalizia mimi kichwa hiki," alisema. "Mikono hii."

Nesi akasema polepole, "Na mimi nilikuwepo msibani. Nilikiona kile kitambaa kikiteleza."

Pazia likasogea, Dada akatoka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwenzangu mmoja alikuwa ananisuka," alisema. "Akaja msimamizi akaniambia nyumbani wamepiga simu. Kamera ilikuwa pale pale. Sikujua kwamba wataichukua picha hiyo na kuipa maneno mengine. Nilikatazwa kusema nani anabaki na nani anaondoka. Kumlilia mama yangu sikukatazwa na mtu."

"Na Fundi Simu?" mtu aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Ni mtu mwema. Siku hiyo alinibebea begi mpaka getini, na hilo hawakulionesha. Kama nilimpenda au la, bado sijui. Hatujawahi kuongea bila watu kututazama."

Mama Redio aliifuta ile picha kwenye kundi. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Wengine walianza kutoka mmoja mmoja bila kuaga.

Jumatatu, Kitindamimba alimfuata Redio bombani, mbele ya wale wale waliocheka. "Nilikudanganya habari ya pete," alisema. "Na hii nayo itangaze." Redio aliangalia chini. Mchana darasa zima lilikuwa limesikia.

Jioni, wateja walipokwisha, Dada alimkalisha katikati ya magoti yake akaanza kumfumua nywele. Kitindamimba akauliza swali lake la siku nyingi.

"Mbona nyumbani hukulia?"

Kitana kilisimama. "Ulikuwa umenishika gauni," Dada alisema. "Nikasema, nikianza mimi, huyu atamshika nani?"

Mama Mdogo alikuwa akikunja mataulo. Aliyaweka pembeni, akaja kukaa karibu nao.

"Sikiliza, Kitindamimba," alisema. "Vipindi vile hukatwa na kuunganishwa, na watu wana haki ya kuviuliza maswali. Lakini huwezi kujua mtu anampenda nani kwa kuhesabu machozi yake, yawe yapo au hayapo. Wewe ulitaka kumtetea dada yako, ukatumia uongo. Uongo ule ndio uliowapa watu sababu ya kucheka. Siku nyingine ukiwa na shaka na mtu wako, njoo umuulize mwenyewe, kama ulivyomuuliza leo. Na usichokijua, sema hujui."

"Ndiyo, Mama Mdogo."

Dada akaendelea kufumua. Tone moja la maji lilimwangukia Kitindamimba shingoni, likiwa la moto, kisha jingine. Hakugeuka kutazama. Alinyoosha mkono nyuma, akashika pindo la gauni la Dada, akalishikilia mpaka nywele zote zikaisha kufumuliwa.