Neno Moja la Uongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tuda alibeba ubao wa mkate kichwani mpaka kwenye tanuri la mtaa. Mama yake, Mahjuba, alikanda unga alfajiri. Mdogo wake Ilyasi alimfuata nyuma akilia njaa, na mwenye tanuri aliwatania, "Ilyasi, leo nikuchome wewe au mkate?" Ndivyo siku zilivyoanza katika kilima cha wafinyanzi, katika mji wa bandari uitwao Safi.

Baba yao alikuwa mfinyanzi. Aliijenga nyumba yao ya vyumba viwili kwa mikono yake, kisha akafariki majira ya baridi kwa maradhi ya kifua. Kaka yake, Ami Bushaibu, alilia kuliko wote mazikoni. Arobaini ilipopita, akaanza kuja kila jioni kuangalia kuta, kugonga milango na kupima ua kwa hatua.

Alhamisi moja Tuda alirudi shule akakuta magodoro yao barabarani. Sufuria, blanketi, mkoba wa Ilyasi na mashine ya kushonea ya mama, vyote vilikuwa vumbini. Mlangoni palikuwa na kufuli jipya. Mbele ya kufuli alisimama Ami Bushaibu, amevaa kanzu ya sufu ya marehemu baba.

"Ami, hii ni nyumba yetu!" Tuda alipiga kelele.

"Ya nani? Hii ni ya ukoo wangu. Mama yako katoka milimani na mbuzi wake, arudi huko huko na mbuzi wake. Nyumba si ya wageni."

Mahjuba alichutama vumbini. Alikuwa akikusanya vijiko chini, kimoja kimoja, kana kwamba vijiko vikitimia mambo yatakaa sawa. Majirani waliangalia kupitia madirisha. Bushaibu ndiye aliyekuwa na tanuri la vyungu kubwa kuliko yote kilimani, na nusu ya mtaa ilimfanyia kazi.

Usiku huo walilala kwa jirani mmoja aliyethubutu. Tuda hakulala. Alimwazia ami yake akiporomokewa na tanuri lake. Alimwazia akitambaa sokoni akiomba mkate, naye Tuda akipita na mkate wa moto, akimwangalia, asimpe. Wazo hilo lilikuwa tamu mno, akalirudia mpaka kukakucha.

Jumamosi jirani akawapeleka kwenye kituo cha familia karibu na soko la samaki. Huko walipokelewa na Bi Zuhuri. Jumatatu mpaka Ijumaa, Bi Zuhuri alifanya kazi kiwandani, akipanga dagaa kwenye makopo. Jumamosi na Jumapili, wenzake walipopumzika, yeye alikaa kituoni kuwapokea watu waliopigwa, waliofukuzwa na waliofiwa.

"Mimi si wakili, mwanangu," alimwambia Mahjuba akimmiminia chai ya nanaa. "Wakili yupo, tutampata. Kazi yangu ni kukusikiliza, kuandika ulichosema, na kwenda nawe kila ofisi mpaka wachoke kutuona. Kunywa kwanza. Umekula tangu jana?"

Mahjuba akatikisa kichwa, ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza. Bi Zuhuri hakumwambia anyamaze. Alimsogezea mkate na zeituni, akangoja.

Alipomaliza na mama, alimwita Tuda pembeni. "Na wewe, binti? Umekua vya kutosha kueleza ulichokiona. Niambie lililotokea."

Tuda alisimulia kuhusu kufuli, magodoro na matusi. Lakini kadiri alivyosimulia, mambo yenyewe yalionekana madogo kwake. Kufuli! Nani atafungwa jela kwa sababu ya kufuli? Akaangalia mkono wake wa kulia. Karibu na kiwiko palikuwa na kovu jekundu, lililotokana na mtungi wa moto alioushika mwenyewe kwa udadisi tanurini kwa ami yake, mwezi mmoja kabla.

"Na hili," akasema, akinyoosha mkono. "Ami alinichoma. Alinishika akanikandamiza kwenye mtungi uliotoka tanurini."

Kalamu ya Bi Zuhuri ikasimama. "Alikushika yeye? Kwa mikono yake?"

"Ndiyo."

"Sitaki kukulazimisha. Nataka tu niandike lililokutokea. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo," Tuda akajibu, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha. Bi Zuhuri akaandika.

Wiki iliyofuata ilikuwa tamu kwa Tuda kuliko sikukuu. Walikuwa wakilala kituoni, wote watatu chumba kimoja, lakini hakujali. Jumatano, maelezo ya Bi Zuhuri yalipofika kituo cha polisi, Bushaibu aliitwa huko kuhojiwa. Alhamisi Tuda alimwona sokoni. Wanawake wawili waliacha kununua nyanya, wakamtazama, mmoja akasema kwa sauti, "Mchoma watoto!" Bushaibu akainamisha uso. Tuda alijificha nyuma ya kibanda cha muuza maharage akicheka peke yake. Onja, alisema moyoni. Onja tena. Bado.

Mama ndiye hakucheka. "Tuda, mbona hukuniambia siku ile kwamba ami yako amekuchoma?"

"Niliogopa, mama."

Mahjuba akalitazama kovu, kisha akaendelea kushona.

Jumamosi iliyofuata mlango wa kituo uligongwa. Alikuwa Maati, fundi mzee wa tanuri la Bushaibu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyetoa vitu vya mama huyu nje," alisema bila kukaa. "Bushaibu aliniamuru. Amewaambia polisi kwamba shemeji yake alihama kwa hiari yake. Uongo! Nilimwona anavunja kufuli la zamani kwa nyundo, mama yuko sokoni. Tangu siku hiyo chakula hakinipiti kooni. Niko tayari kusema mbele ya hakimu, hata akinifukuza kazi."

Mahjuba alishika mdomo. Bi Zuhuri akavuta karatasi haraka. Hakuna mtu mwingine kilimani aliyekubali kusema.

"Mungu akulipe, Mzee Maati. Kesi ni Jumanne. Pamoja na jambo la mtoto kuchomwa, nadhani—"

"Kuchomwa nani?"

"Huyu. Bushaibu alimkandamiza kwenye mtungi."

Mzee akamgeukia Tuda. Hakukasirika. Alishangaa tu. "Tuda, si mimi niliyekutia mkono kwenye ndoo ya maji ulipoushika mtungi ule? Bushaibu alikuwa ameenda msibani siku ile."

Tuda akauficha mkono mgongoni. Nje muuza samaki alikuwa akinadi.

"Mama Zuhuri," Maati akasema polepole, "mimi nikiapa, naapa. Wakiniuliza juu ya mkono huu nitasema nilivyoona. Wakili wake atasema wote hawa ni waongo, na kufuli nalo litahesabiwa uongo. Kama hilo limo kwenye karatasi, bora nisije kabisa."

Akatoka. Tuda aligeuka. Alimtazama mama yake, na uso wa mama ulikuwa vilevile kama siku ya vijiko.

"Nilitaka afungwe," Tuda alisema. "Nilitaka aumie! Yeye alitutupa kama takataka, halafu anatembea tu, anakula, analala salama! Kwa nini asiumie?"

"Hata mimi nataka aumie," Bi Zuhuri akasema. Tuda akanyanyua macho kwa mshangao. "Unadhani nakaa hapa kila Jumamosi nikisikia haya, moyo wangu ni wa jiwe? Wapo niliotamani kuwatia kwenye kopo na dagaa, niwafunge kifuniko. Lakini sasa hivi Bushaibu hajui kwamba wewe ndiye uliyemsaidia kwa uongo huo. Jumanne atajua."

"Tuichane hiyo karatasi!"

"Polisi wanayo. Utaisahihisha wewe mwenyewe, mbele ya hakimu. Nitasimama nawe."

"Atanicheka."

"Atacheka. Utavumilia."

Jumapili walikwenda wote nyumbani kwa Maati, na Tuda akamwomba radhi, akamwambia atakachosema mahakamani. Mzee akakubali kuja.

Jumanne Bi Zuhuri aliomba ruhusa kiwandani. Mahakamani Bushaibu alikaa mbele na wakili wake. Tuda alipoitwa, alisimama mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa, ami yangu hakunichoma. Nilishika mtungi mwenyewe. Nilisema uongo kwa sababu nilikuwa na hasira."

Bushaibu akacheka kwa sauti. "Si niliwaambia! Watoto wa milimani! Maziwa ya mbuzi yamewalewesha!"

"Kaa kimya," hakimu akasema. Akamtazama Tuda kwa ukali. "Unajua ulichofanya ni kosa? Mtu angeweza kufungwa."

"Najua, mheshimiwa."

"Na kuhusu kufuli?"

"Hilo ni kweli. Niliona vitu vyetu nje. Sikumwona akivunja. Aliyeona ni Mzee Maati."

Maati akasimama, akaapa, akaeleza yote: nyundo, saa, magodoro, hata neno alilotamka Bushaibu alipokuwa akivunja. Wakili akamshambulia, "Wewe ni rafiki wa mtoto huyu mwongo!"

"Mtoto huyu amesema ukweli uliomuumiza," mzee akajibu. "Mwajiri wangu hajasema hata mmoja."

Kicheko cha Bushaibu kilikufa hapo hapo. Akaanza kujiumauma, mara nyumba ni ya ukoo, mara mama alihama, mara yeye aliilinda tu. Hakimu aliamuru mjane na watoto warudi nyumbani siku hiyo hiyo, chini ya ulinzi wa polisi, mpaka mirathi igawanywe. Bushaibu alitoa ufunguo mfukoni mbele ya watu wote, akamkabidhi Mahjuba bila kumtazama. Tuda alimtumbulia macho. Hakutaka ipite sekunde moja bila kuiona.

Jioni walikuwa wakifagia vumbi, Ilyasi akipanda na kushuka vitanda. Tuda alikaa kizingitini na Bi Zuhuri.

"Bado namchukia," alisema.

"Sikukuambia uache. Hasira yako ina haki. Lakini sikiliza, binti: mtu akikudhulumu, alichokifanya kinatosha kumshtaki. Ukiongeza hata neno moja lisilotokea, umempa pa kujifichia, na wanaosema kweli pamoja nawe umewanyamazisha. Leo umemshinda kwa yale aliyoyafanya mwenyewe. Hana wa kumlaumu."

Tuda akauliza, "Mzee Maati je? Atafukuzwa kazi?"

"Amekwishafukuzwa," Bi Zuhuri akasema, akiinuka. "Jumamosi anakuja kituoni. Nawe njoo, umwandikie wewe barua yake ya kudai haki ya kazi yake. Andika yaliyotokea tu."